Anazurura vipi mtu aliye kibarazani kwao?

Swali la msomaji

"Nyumba yetu aliijenga marehemu baba mwaka 1974, nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, korido na uani. Miaka minane hii tumezungukwa na maghorofa matatu ya kupangisha. Zamani tukiibiwa tukaenda kituoni, tunaambiwa gari halina mafuta. Sasa difenda linapita kila usiku, na linaposimama linasimama mbele yetu sisi. Mwezi uliopita mjukuu wangu wa miaka 19 alichukuliwa na wenzake watatu, saa tatu usiku, wamekaa kwenye benchi letu wanacheza drafti. Kosa, uzururaji. Tulichanga hela, wakatoka alfajiri. Wiki iliyofuata dalali akaja kuuliza kama bado hatuuzi. Mwanangu anasema tuling'oe benchi yaishe. Naomba nieleweshwe: anazurura vipi mtu aliye kwao? Na haya yako kwetu tu, au na kwingine yapo?"
Mama S., Kinondoni, Dar es Salaam

Jibu

Shikamoo mama.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Wengi wanaoniletea malalamiko ya polisi huja na moja kati ya mawili: ama polisi hawaji wakiitwa, ama wanakuja mno. Wewe umeleta yote mawili kwenye karatasi moja, tena kuhusu barabara ileile na benchi lilelile. Hiyo ndiyo alama ya mtaa unaopanda bei. Askari wanaweza kuwa walewale, na gari lilelile. Kilichobadilika ni mwenye kulalamika na anayelalamikiwa.

Nianze na lako la haraka. Mtu aliyekaa kibarazani kwao akicheza drafti hazururi. Kesi ile ingefika mbele ya hakimu isingemaliza hata kikombe cha chai. Na ndiyo sababu haikufika. Kesi za namna hii hazitengenezwi ziende mahakamani. Zinaanzia barabarani, zinaishia kaunta, na mlichokiacha pale kaunta mnakijua wenyewe. Nitalirudia hilo la hela, maana lina njia yake.

Sasa niruhusu nikueleze inavyokuwa, kwa kitu nilichokishika kwa mikono yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafuatilia shauri la vijana wa mtaa mwingine wa hapahapa mjini, waliokamatwa mara tatu ndani ya miezi miwili. Nikamwomba mlinzi wa jengo la jirani anioneshe daftari lake la lindo. Kaunta buku la kawaida, jalada limechanika, limeshonwa kwa uzi wa gunia. Nikafungua usiku wa tukio la kwanza. Ameandika kwa mkono mzuri wa mtu aliyesoma mpaka la saba akapenda: "Saa 3:40 usiku. Vijana sita upande wa pili wa barabara. Wanacheza karata. Hali shwari." Nikarudi nyuma. Kila usiku, wiki baada ya wiki, vijana wanne, vijana saba, vijana na dada mmoja anauza mihogo. Na kila mstari unamalizikia palepale: hali shwari.

Nikamuuliza kwa nini anawaandika watu ambao hawana tatizo. Akanitazama kama mtu asiyejua kazi. "Mkuu, nisipoandika bosi atasema nililala."

Basi kumbe ilikuwa hivi. Msimamizi wa jengo alipiga picha ukurasa, akakata pale panapoishia "vijana sita", akaituma kwenye kundi la wapangaji la WhatsApp. Mmoja akauliza, "Tena wapo?" Mwingine akasema wiki iliyopita aliona moshi. Wa tatu ana namba ya ofisa fulani. Nusu saa baadaye difenda likafika, likikuta vijana sita kweli, upande wa pili wa barabara kweli. Hakuna aliyesema uongo hata mmoja. Ila yale maneno mawili ya mwisho yalibaki kwenye daftari.

Yule mlinzi, nikuambie, anapanga chumba nyumba tatu nyuma ya kijiwe hicho. Vijana walewale ndio waliokuwa wakimletea chai usiku wa manane.

Nakueleza haya kwa sababu watu wa uswahilini wakishakamatwa hivi huamini kuna mtu mmoja mbaya huko ghorofani aliyewachongea. Pengine yupo. Mara nyingi hayupo. Kuna watu ishirini wasiowajua, kila mmoja ameongeza neno moja. Mtaani kwenu zamani mtu alikuwa halindwi na kitambulisho. Alilindwa na kujulikana. Muuza vitumbua anajua huyu mtoto wa nani, fundi cherehani anajua amemaliza shule lini, mjumbe anajua alishawahi kuiba kuku na alichapwa na nani. Kijana akikaa nje saa tatu usiku, mtaa mzima una maelezo yake. Mpangaji wa ghorofa ya nne, aliyehamia Machi na ataondoka mwakani, anatazama dirishani anaona viwiliwili vinne gizani.

Na hofu yake nayo tusiidharau. Nimewahi kuongea na nesi anayerudi zamu usiku, ambaye lazima apite mbele ya kijiwe cha aina hiyo. Hajawahi kuguswa. Ila alishaitwa majina. Kila usiku anashika funguo mkononi toka anaposhuka kwenye bajaji. Na hata nyinyi wenyeji, tuseme ukweli mama, hamko kitu kimoja. Wako wazee wenzako, wamezaliwa hapohapo, wanaoliona difenda na kusema afadhali, kwa sababu bangi na pikipiki zisizo na eksozi zimewanyima usingizi. Nimeshakaa kwenye mikutano ya mtaa ambapo aliyepiga kelele zaidi kutaka msako alikuwa mwenyeji wa miaka hamsini.

Hebu sasa tuliangalie hilo neno uzururaji, kwa sababu ndilo lililowezesha yote. Kama sheria ingewataka askari wataje alichofanya mjukuu wako, wangekosa la kusema. Neno hili linawaruhusu kutaja alivyoonekana.

Limetoka mbali. Uingereza walitunga Sheria ya Uzururaji mwaka 1824, baada ya vita vya Napoleon, barabara zao zilipojaa askari walioachishwa na watu wasio na pa kwenda. Ikampa konstebo uwezo wa kumkamata mtu kwa kumshuku tu kwamba anakusudia kosa. Wakoloni wakasambaza sheria za ukoo huo Afrika. Kwenye Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16, zimekaa katika vifungu vya 176 na 177, na hatukuziachia zizeeke. Mwaka 1983 tulizinenepesha wenyewe, wakati wa Nguvu Kazi, ile kampeni ya kumlazimisha kila mtu awe na kazi. Nadhani unaikumbuka, ulikuwa msichana. Kijana asiye na kitambulisho cha kazi anapakiwa kwenye lori, anarudishwa "kwao", hata kama kwao ni Ilala. Kifungu kikaongezewa hadi mfanyakazi atakayekutwa kwenye mambo yake binafsi saa za kazi. Ofisi ngapi za leo zingebaki na watu, sijui!

Kule ilikotoka nako haikukaa kimya. Kifungu cha 4 cha ile sheria ya 1824 kilikuwa bado kinatumika London miaka ya 1970, na vijana weusi wa Brixton, mtaa wa kusini mwa jiji hilo, walikijua kwa jina la mkato, "sus", kutoka neno la Kiingereza la kushuku. Aprili 1981 polisi wakafanya operesheni pale Brixton, wakasimamisha watu 943 ndani ya siku chache. Kabla wiki haijaisha mtaa ukawaka moto. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza likakifuta hicho kipengele cha kushuku. Leo kwenye masoko ya Brixton, palipokuwa na meza za ndizi na viazi vikuu vya Wakaribi, utakuta mikahawa, na kodi ya chumba kimoja pale ingeweza kuwalipia nyumba yenu nzima. Kwa hiyo swali lako la pili, kama yapo na kwingine: yapo, na ya London yalitangulia kwa kutumia karatasi ileile mliyosomewa nyinyi.

Kwetu Afrika mlango umeshafunguliwa nusu. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwa ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ilisema sheria za uzururaji zinazomkamata mtu kwa hali yake badala ya kitendo chake hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Mahakama ya Malawi ilishabatilisha kifungu cha namna hiyo Januari 2017. Uganda, Mahakama ya Katiba ikafanya hivyo Desemba 2022. Maoni ya ushauri hayalazimishi kama hukumu, na askari wa doria hatakuwa ameyasoma. Lakini wakili wako anaweza kuyaweka mezani, na hakimu akayasikiliza.

Ngoja nikupeleke mbali kidogo, kwa sababu kuna mkasa mmoja ambao kila nikisoma barua kama yako unanijia.

San Francisco, Marekani, kuna kilima kinaitwa Bernal Heights. Zamani palikuwa pa wafanyakazi, wengi wao wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Kampuni za kompyuta zilipofurika, nyumba zikapanda bei mpaka watoto wa pale hawakuweza tena kupanga walikozaliwa. Jioni ya tarehe 21 Machi 2014, Alex Nieto, kijana wa miaka 28 aliyekulia pale, alipanda kilimani kula chakula chake kabla ya kwenda kazini. Alikuwa mlinzi wa kilabu cha usiku na alikuwa anasomea mambo ya haki jinai. Kiunoni alikuwa na bunduki ya umeme, ile ya kupooza mtu, ambayo aliimiliki kihalali kwa kazi yake. Mbwa wa mtu akamfuata kwa ajili ya chakula, pakawa na ugomvi. Watu wengine waliokuwa wakitembeza mbwa wao wakamwona anatembea huku na huku, hatulii, na kitu kiunoni. Wakapiga simu polisi. Waliofika walikuwa wanne, na risasi zilizopigwa zilikuwa 59. Polisi walisema aliwaelekezea ile bunduki wakadhani ni bastola. Mwaka 2016 jopo la raia waliokaa kama waamuzi likaona askari hawakutumia nguvu kupita kiasi.

Sikuletei hili kukutisha. Askari wa Kinondoni na wa San Francisco hawafanani kwa silaha wala kwa mazoea. Ninachokiona mimi ni ule mwanzo wa mkasa. Kijana yuko kwenye kilima alichokuwa akikipanda tangu utotoni, na jioni ile hapakuwa na hata mtu mmoja pale wa kusema, "Aa, huyo ni Alex."

Sasa, kwa muda mrefu nilikuwa nafundisha kwamba tatizo ni simu. Wapangaji wapya wanapiga simu, polisi wanakuja, wenyeji wanaumia. Maelezo mepesi, na hadithi ya daftari inayaunga mkono. Kisha nikasoma utafiti wa Brenden Beck kuhusu New York, uliochapishwa mwaka 2020, ikabidi nijikosoe. Alilinganisha simu za malalamiko, ukamataji wa makosa madogo na bei za majengo kwa miaka kadhaa, mtaa kwa mtaa. Aligundua kwamba kweli, watu wa kipato cha kati wakiongezeka, simu zinaongezeka. Lakini simu hizo hazikuzaa kusimamishwa wala kukamatwa zaidi. Kilichotangulia ukamataji wa vijimakosa ni kupanda kwa bei ya ardhi na majengo, hata ukishatoa hesabu ya uhalifu. Kwa maneno mengine, doria ilifuata thamani kuliko ilivyofuata malalamiko. Na mtafiti mwingine, Ayobami Laniyonu, akiangalia jiji hilohilo mwaka 2018, alikuta watu wakisimamishwa zaidi kwenye maeneo yanayopakana na yale yanayopanda hadhi. Yaani mgandamizo uko mpakani. Nyumba yako, mama, imekaa mpakani.

Hilo ni jiji ambalo mwaka 2011 pekee polisi wake walisimamisha watu mara 685,724, na takriban tisa kati ya kila kumi waliachiwa bila kukamatwa wala kuandikiwa kosa. Mwaka 2013 jaji wa shirikisho akasema namna ilivyofanywa inavunja katiba. Sisi takwimu za aina hiyo hatuzichapishi kwa umma, kwa hiyo siwezi kukuwekea jedwali la Kinondoni. Naweza kukuambia tu kwamba niliposoma "doria ilifuata thamani" nilimkumbuka dalali wako.

Kuhusu huyo dalali, nakuomba sana ulimi uwe mzito. Sina ushahidi kwamba yeye na askari wamekaa meza moja. Wewe pia huna. Ukilitamka mbele ya watu utajikuta wewe ndiye unayeshtakiwa. Na wala hapahitajiki njama. Dalali anaishi kwa habari. Akisikia nyumba fulani mjukuu amelala mahabusu, anajua kwenye familia hiyo wiki hiyo kuna mtu amesema "tuuze tuondoke." Kwenu yupo, ameanza na benchi. Mambo mawili yanayokwenda kila moja kwa sababu zake yanakutana mlangoni kwako, na wewe ndiye unayeona yamepangwa. Akirudi mwambieni mnaongea mkiwa watatu, mchana, na bei iandikwe. Hakuna uamuzi wa nyumba unaofanywa mwezi ambao mtu wenu ametoka kukamatwa.

Na kwa nini zamani walisema gari halina mafuta? Sehemu ni ufukara wa kweli. Vituo vidogo vingi vya mitaani mjini vimesimama kwa michango ya wananchi, hasa enzi za Augustino Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huenda hicho kituo cha kwenu marehemu baba alikichangia tofali. Usiku mkajilinda kwa sungusungu, baadaye likaitwa ulinzi shirikishi. Mtaa maskini ulizoea kujilipia ulinzi wake kwa jasho. Wa ghorofani wanalipia wao kwa kampuni binafsi, na juu yake wanapata doria. Nakushauri uulize kwenye mkutano wa mtaa mchango wa ulinzi shirikishi unaotolewa na nyumba za chini unafanya kazi gani, kama mnaowalipa ndio wanaoonesha difenda pa kusimama. Nimeona mtaa ambako ilikuwa hivyo. Watu walikuwa wanachangia elfu mbilimbili kila mwezi wakamatiwe watoto wao.

Tuje kwenye la kufanya.

Hela kwanza. Dhamana ya polisi haina malipo. Mnachotakiwa ni mdhamini na fomu ya kusaini, basi. Mkidaiwa shilingi, ombeni risiti. Mara nyingi neno "risiti" peke yake linafupisha mazungumzo. Iliyotoka imetoka, lakini kama mnakumbuka nani alipokea na saa ngapi, TAKUKURU, watu wa kuzuia rushwa, wanapokea taarifa kwa namba 113 bure. Najua utasema, "Tukishtaki watatubambikia kesi kubwa zaidi." Hofu hiyo ina msingi, sitaikejeli. Ndiyo maana nasema msiende kama familia moja. Vijana walikuwa wanne, kwa hiyo nyumba nne zimeumia. Watu wanne wazima wakienda pamoja wanasikilizwa kwa namna nyingine.

Pili, kijana na wenzake wajue maneno machache na wayaseme kwa adabu. Afande, naomba kujua nakamatwa kwa kosa gani. Naomba kujua napelekwa kituo gani. Naomba kumpigia bibi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa mtu haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa na ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Akishikiliwa, asizidi saa 24 bila kufikishwa mahakamani au kupewa dhamana, kwa makosa ya ngazi hii. Wasikimbie. Ninajua mguu hauulizi ruhusa likitokea difenda bila taa, lakini anayekimbia amewapa askari sababu ambayo hawakuwa nayo. Wasibishane pia. Mabishano ya barabarani hakuna aliyewahi kuyashinda, na yakipanda huzaa shtaka la kumzuia ofisa kufanya kazi yake, ambalo ni zito kuliko uzururaji.

Tatu, nunua kaunta buku. Ndiyo, na wewe. Kila difenda linaposimama andika tarehe, saa, namba ya gari, askari wangapi, wamesema nini, nani alikuwepo. Andika na siku mlizowaita wasije, kwa sababu bila hizo utaonekana mtu asiyetaka polisi, na barua yako haisemi hivyo. Wewe unawataka polisi, ila waje kwa mwizi. Daftari la miezi mitatu, lenye mwandiko mmoja na kalamu tofauti, nimeona likifanya kazi ambayo hotuba kumi hazikufanya. Mkuu wa kituo anaweza kukanusha malalamiko ya mdomo. Namba ya gari na saa inamlazimu afungue daftari lake mwenyewe alinganishe.

Likishajaa kidogo, mpelekee mwenyekiti wa serikali ya mtaa na umwombe aitishe mkutano, akimwalika polisi kata na wasimamizi wa yale majengo matatu. Sisitiza hao wa mwisho. Mikutano ya mtaa hii kawaida hujaa wenyeji wanaolalamikiana wenyewe, na wapangaji wa ghorofani hawajui hata ofisi ya mtaa iko wapi. Mkiweza kupata hata mmoja wao akakaa kwenye kiti cha plastiki akamwona mjukuu wako usoni mchana, mmefanya kazi ya doria kumi. Kwenye ule mtaa wa daftari iliishia hivyo. Hawakuanza kupendana. Ila msimamizi wa jengo alikubali kupokea simu ya mjumbe kabla ya kupiga polisi, na mjumbe naye akakubali kijiwe kivunjwe saa nne usiku siku za kazi. Vijana walinung'unika. Difenda lilipungua mpaka mara moja kwa wiki.

Kituo kikiwa kigumu, liko dawati la malalamiko ngazi za juu, na iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ambayo hupokea malalamiko bila malipo wala wakili. Kuanzia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi. Ulizia ofisi ya kata kama kuna aliye karibu, mwende naye. Na mambo haya si mageni huko juu: ile tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023, na ukamataji ulikuwa miongoni mwa iliyoyagusa.

Limebaki benchi. Mwambie mwanao asiling'oe kwa hasira. Kwanza toeni hati au leseni ya makazi ya nyumba, mtafute bikoni zenu, mpime. Likiwa ndani ya kiwanja chenu, ni sawa na kochi la sebuleni, hakuna wa kuwauliza. Likiwa limeingia kwenye hifadhi ya barabara, wenye neno ni manispaa na watu wa barabara, na wao huja mchana na notisi ya maandishi, hawaji saa tatu usiku na difenda. Hapo lisogezeni hatua mbili ndani, mfunge na taa kibarazani inayomwonesha kila aliyekaa sura yake. Taa ya LED haimalizi umeme, na mchezaji wa drafti anaihitaji.